Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Ukija Misa ya Kilatini kwa Mara ya Kwanza

Kila Jumapili baada ya Misa huwa kuna mtu amesimama karibu na mlango, macho yanazungukazunguka, anatafuta wa kumuuliza. Maswali yake ndiyo haya hapa chini, nami nimeyajibu kama ninavyomjibu yeye pale mlangoni. Kama una haraka, soma jibu la Kilatini na lile la Komunyo, mengine utayakuta mbele ya safari.

Hii "Misa ya zamani" ni ipi hasa?

Ni Misa ya Kanisa Katoliki la Roma kama ilivyoadhimishwa kabla ya mabadiliko yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Wengine huiita Misa ya Tridentina kwa sababu misale yake, yaani kitabu cha sala za Misa, ilitolewa na Papa Pio V mwaka 1570, baada ya Mtaguso wa Trento. Lakini Papa huyo hakuitunga. Alichofanya ni kupanga na kuimarisha sala ambazo Kanisa la Roma lilikuwa linazisali tangu kale, na sehemu kubwa ya Kanuni ya Misa, yaani ile sala ya mageuzo, ilikwishatulia tangu enzi za Papa Gregori Mkuu aliyefariki mwaka 604. Toleo linalotumika leo ni lile la Papa Yohane XXIII la mwaka 1962, ndiyo maana utawasikia watu wakisema "misale ya 1962".

Misa uliyoizoea parokiani kwako yaelekea ni ile ya misale ya Papa Paulo VI, iliyoanza kutumika Majilio ya mwaka 1969.

Zipo pia parokia zinazotumia misale hii mpya huku zikitunza desturi za kale: nyimbo za Kigregori, Kilatini katika Utukufu na Mtakatifu, padre kuelekea altare, waamini kupokea Komunyo wakiwa wamepiga magoti. Ukienda huko, mengi niliyoyaandika hapa yatakufaa vilevile, isipokuwa mpangilio wa sala.

Sijui hata neno moja la Kilatini. Nitaambulia nini?

Kwanza, unajua zaidi ya unavyodhani. *Amina*, *Aleluya* na *Hosana* unazitamka tangu utotoni, nazo ni za Kiebrania. *Kyrie eleison* ni Kigiriki, wala si Kilatini. Kwa hiyo katika Misa moja unasikia Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, lugha zilezile tatu ambazo Injili ya Yohane inasema ziliandikwa juu ya msalaba wa Bwana.

Pili, sala kuu za Misa zote unazijua. *Gloria* ni Utukufu. *Credo* ni Nasadiki. *Sanctus* ni Mtakatifu, *Agnus Dei* ni Mwanakondoo wa Mungu, *Pater noster* ni Baba Yetu. Padre akisema *Dominus vobiscum*, anasema "Bwana awe nanyi", na jibu *Et cum spiritu tuo* ni lile lile "Na awe rohoni mwako".

Parokia nyingi huweka vijitabu nyuma ya kanisa, Kilatini upande mmoja na lugha ya watu upande wa pili. Chukua kimoja. Ila nakuomba usikifanye kuwa mtihani. Siku yangu ya kwanza nilikazana kufuata kila mstari, kidole kinakimbia kwenye ukurasa, na kufika Matoleo nilikuwa nimepotea kabisa: padre yuko mbele, mimi niko nyuma kurasa nne, sijui nirudi au niruke. Mama mzee aliyekuwa kando yangu, misale yake imechakaa hadi kingo zimekuwa nyeusi kwa vidole, alinyoosha mkono bila kusema neno, akafungua kijitabu changu kwenye ukurasa sahihi, akauweka utepe. Kisha baada ya dakika chache akakifunga yeye mwenyewe taratibu, akanionyesha altare kwa kidevu. Nikainua macho. Toka siku hiyo nawaambia wageni: mara ya kwanza, tazama. Kusoma utasoma Jumapili ijayo.

Masomo na mahubiri hayatakupita. Mahubiri ni kwa lugha ya watu siku zote. Masomo nayo, Papa Fransisko aliagiza mwaka 2021 yatangazwe kwa lugha ya watu. Na mahali ambapo huimbwa kwanza kwa Kilatini, padre huyasoma tena mimbarini kabla ya kuhubiri.

Kwa nini padre anawapa watu kisogo?

Hili ndilo linalowaumiza wengi mwanzoni, nami naelewa. Lakini hebu tazama tena utaona kwamba padre na watu wote wameelekea upande mmoja. Tangu karne za mwanzo Wakristo walisali wakielekea mashariki, linakochomoza jua, wakimngoja Bwana atakayerudi. Hata kama jengo lenyewe halikuelekea mashariki hasa, altare na msalaba vinashika nafasi hiyo. Padre anapomwambia Mungu, anamwelekea Mungu pamoja nasi. Anapotuambia sisi, anageuka: hesabu mwenyewe mara ngapi anageuka kutusalimu kwa *Dominus vobiscum*.

Nivae nini? Ni lazima mwanamke afunike kichwa?

Vaa nguo ya heshima, ile ambayo ungeivaa kwenda kwa mtu unayemheshimu sana. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Suti si sharti, na hakuna atakayekurudisha mlangoni.

Kuhusu kichwa: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, haina sharti hilo. Kwa hiyo si lazima. Utaona hata hivyo kina mama na mabinti wengi wamejitanda shela au mtandio, kwa kufuata maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho na kwa mapenzi yao wenyewe. Ukitaka kufunika, karibu. Usipotaka, keti kwa amani. Wanaume huvua kofia.

Nifike saa ngapi na nikae wapi?

Dakika kumi na tano kabla. Katika Misa kuu ya Jumapili, kabla ya Misa yenyewe padre hupita akiwanyunyizia waamini maji ya baraka huku wimbo wa *Asperges me* ukiimbwa (wakati wa Pasaka ni *Vidi aquam*), na ni vizuri uwe umeshatulia.

Kaa katikati au nyuma kidogo. Usikae benchi la kwanza, maana hapo hutakuwa na mtu mbele yako wa kumwangalia, na wote walio nyuma watakuwa wanakuangalia wewe.

Ukiingia chovya kidole kwenye maji ya baraka, fanya ishara ya msalaba, na kabla ya kuingia benchini piga goti la kulia hadi chini kuelekea tabernakulo, kile kisanduku kinachotunza Ekaristi. Kanisani watu hawaongei. Salamu zinasubiri nje.

Nitajuaje wakati wa kusimama, kukaa na kupiga magoti?

Angalia wenzako, ufanye wanachofanya. Ukichelewa, hakuna aliyekuona. Goti likikuuma au una mimba au una mgongo mbovu, kaa tu.

Hata hivyo kuna mahali nataka uwe macho. Katika Nasadiki, yakifikiwa maneno *et incarnatus est*, "akatwaa mwili", kanisa zima linapiga goti. Kadhalika mwishoni, baada ya baraka, padre anasoma mwanzo wa Injili ya Yohane, "Hapo mwanzo kulikuwako Neno". Akifika "naye Neno alifanyika mwili", wote chini tena. Wageni wengi wanakuwa wameshaanza kukusanya vitu vyao wakidhani Misa imekwisha, kumbe kanisa zima limeshuka ghafla na wao wamebaki wima. Misa haijaisha mpaka Injili hiyo ya mwisho isomwe.

Katika Misa ya kusomwa, isiyo na nyimbo, waamini hukaa magotini karibu muda wote, wakasimama kwa Injili na kuketi kwa mahubiri. Misa ya kuimbwa ina kusimama na kuketi kwingi zaidi, na desturi hutofautiana kati ya parokia na parokia.

Mbona kuna kimya kirefu vile katikati ya Misa? Nilidhani kuna kitu kimeharibika.

Hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo penyewe.

Baada ya Mtakatifu padre anaingia katika Kanuni ya Misa, na anaisali kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba anayeisikia ni yeye na labda mtumishi aliyepiga magoti nyuma yake. Wewe kwenye benchi husikii kitu. Mtu aliyezoea kusikia kila neno kwenye kipaza sauti anaanza kuhangaika: anaangalia saa, anapekua kijitabu, anakohoa.

Subiri. Kengele italia mara moja, padre akinyoosha mikono yake juu ya matoleo. Kisha utaona anainama, viwiko vimegusa altare, hostia iko kati ya vidole vyake. Mtumishi anashika pindo la kasula, lile vazi la juu la padre, na kuliinua kidogo. Padre anapiga goti, kengele. Anainua Mwili wa Bwana juu ya kichwa chake, kengele. Anapiga goti tena, kengele. Vivyo hivyo kwa kikombe. Na kuanzia hapo, ukiwa na macho makali, utaona kwamba kidole gumba na cha shahada vya padre havitengani tena, hata akifungua ukurasa anatumia vidole vingine, mpaka atakapoviosha baada ya Komunyo. Ni kwa ajili ya chembe. Hata chembe moja ya Ekaristi ni Bwana mzima.

Mimi mambo yote ninayoyajua juu ya Ekaristi nilifundishwa katika katekisimu, na nilijibu vizuri mbele ya katekista. Vidole vile viwili vilivyoshikana ndivyo vilivyonifanya niamini kwamba watu hawa wanamaanisha.

Ufanye nini wakati wa kimya? Sali. Walete watu wako mmoja mmoja: wagonjwa, marehemu, unayegombana naye. Wengine husoma sala za Kanuni katika misale, wengine hutazama tu.

Baba Yetu tunasali wote? Na kutakiana amani?

Kwa kawaida padre huimba au kusali *Pater noster* peke yake, nasi tunamalizia *sed libera nos a malo*, "walakini utuopoe maovuni". Hakuna kushikana mikono wala kupeana amani kati ya waamini. Katika Misa kuu yenye shemasi, amani hutoka altareni na kupitishwa kati ya wahudumu. Usichukulie kwamba watu ni wakali. Wangoje nje baada ya Misa.

Naweza kupokea Komunyo? Inapokelewaje?

Ukiwa Mkatoliki, huna dhambi ya mauti, na umefunga angalau saa moja kabla ya kupokea (maji na dawa havivunji mfungo), karibu. Utawakuta wanaofunga saa tatu, kama alivyoweka Papa Pio XII mwaka 1957, au tangu usiku wa manane kama wazee wa zamani zaidi. Hayo ni ya hiari, sheria ya leo ni saa moja.

Kabla ya kupokea, waamini husema mara tatu, huku wakijipiga kifua, *Domine, non sum dignus*: Ee Bwana, sistahili uingie kwangu. Mara tatu, si mara moja.

Kisha unakwenda mbele na kupiga magoti kwenye ukingo mfupi ulio kati ya watu na altare, bega kwa bega na wengine. Padre ndiye anayetembea, wewe umetulia. Mtumishi anatangulia na patena, yaani kisahani, chini ya kidevu chako. Padre anasema sala yote, *Corpus Domini nostri Iesu Christi custodiat animam tuam in vitam aeternam. Amen*, yaani "Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo uilinde roho yako hata uzima wa milele. Amina". Kwa kuwa Amina ameshaisema yeye, wewe hujibu kitu. Rudisha kichwa nyuma kidogo, fungua mdomo, toa ulimi juu ya mdomo wa chini, usisogee. Usimfuate padre kwa mdomo; mwache alete mwenyewe. Mikono ibaki imefumbwa kifuani.

Usiyeweza kupiga magoti, simama pale pale ukingoni. Padre ataelewa.

Mimi si Mkatoliki. Naruhusiwa kuja?

Karibu sana. Komunyo usipokee, lakini mengine yote ni yako: kuketi, kusikiliza, kusali. Wakati wa Komunyo baki kwenye benchi. Hutakuwa peke yako, kwa kuwa siku yoyote wapo Wakatoliki wanaobaki pia kwa sababu zao, na hakuna anayehesabu.

Nina watoto wadogo.

Walete. Mtoto akilia, toka naye kidogo, akitulia rudi. Kaa pembeni karibu na njia. Watoto huielewa Misa hii kwa macho kuliko sisi: mishumaa, moshi wa ubani, kengele, rangi ya kasula. Mnong'oneze anachokiona.

Misa inachukua muda gani?

Ya kusomwa, kama nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Ya kuimbwa, yenye ubani na mahubiri, saa moja na robo au saa moja na nusu. Misa kuu yenye padre, shemasi na shemasi msaidizi hupita hapo. Baada ya Misa ya kusomwa watu hubaki magotini kwa Salamu Maria tatu, Salamu Malkia, na sala kwa Malaika Mkuu Mikaeli.

Mbona masomo yenu si yale tuliyosoma parokiani kwetu?

Kalenda ni tofauti. Misale ya 1962 ina mzunguko wa mwaka mmoja, ilhali ya Paulo VI ina mzunguko wa miaka mitatu kwa Jumapili. Utaona pia Jumapili zikihesabiwa "baada ya Pentekoste", kipindi cha Septuagesima kinachotuandaa kwa Kwaresima, na sherehe ya Kristo Mfalme ikiangukia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, pale alipoiweka Papa Pio XI mwaka 1925. Na ukiingia ukamkuta padre amevaa nyeusi, ni Misa ya marehemu.

Je, Misa hii ni halali? Papa si aliizuia?

Ni halali na inatimiza wajibu wako wa Jumapili, mradi umekwenda mahali palipokubaliwa na askofu. Historia yake kwa ufupi: mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II alifungua mlango kwa ruhusa maalumu, na mwaka 1988 akawaomba maaskofu wawe wakarimu zaidi. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI, kwa waraka *Summorum Pontificum*, aliwapa mapadre uhuru mpana. Mwaka 2021 Papa Fransisko, kwa *Traditionis custodes*, aliirudisha mikononi mwa maaskofu na kuweka mipaka, ikiwemo kuhusu makanisa ya parokia. Wapo mapadre wa mashirika yaliyoundwa kwa ajili ya liturujia hii wakiwa chini ya Papa, kama Udugu wa Mtakatifu Petro ulioanzishwa mwaka 1988, na Taasisi ya Kristo Mfalme Kuhani Mkuu iliyoanzishwa Gabon mwaka 1990. Kabla hujaenda popote, uliza jimboni kama Misa hiyo imeruhusiwa. Si swali la aibu.

Na katika kile kimya cha Kanuni, kila siku, padre anataja jina la Papa na jina la askofu wa mahali. Sitaki upotewe na jambo hilo. Anayetajwa pale ndiye tunayesali pamoja naye.

Kwa hiyo mnaidharau Misa ya kawaida?

Hapana, na ukimsikia mtu mlangoni akiibeza, jua hasemi kwa niaba ya parokia. Bwana anayeinuliwa hapa ndiye anayeinuliwa kwenu. Nimeona watu wakiigeuza Misa hii kuwa fimbo ya kuwachapia wenzao, na inaniuma, maana ninaipenda. Aliyepiga magoti kwenye ukingo ule huku anamhesabia jirani makosa, kapiga magoti bure.

Naweza kupiga picha?

Wakati wa Misa, hapana. Zima simu kabisa. Baada ya Misa muulize padre, na usiwapige watu waliobaki wanasali.

Maungamo yanapatikana?

Katika parokia nyingi za aina hii, ndiyo, kabla ya Misa, na pengine wakati wa Misa kama kuna padre wa pili. Unaungama kwa lugha yako. Padre anaweza kukuondolea dhambi kwa Kilatini, *Ego te absolvo*, na dhambi zinaondoka vilevile. Ukisahau namna ya kuanza, mwambie, "Padre, ni muda mrefu." Atakusaidia.

Nikitoka nifanye nini?

Baki dakika chache magotini kwa shukrani, kama wengi watakavyofanya. Ukitoka, rudisha kijitabu ulipokikuta, kisha usiondoke mbio. Mapadre husimama nje, na mtu yeyote aliyeshika misale yenye tepe za rangi atafurahi ukimuuliza chochote. Kama ulipotea kurasa nne, mwambie hivyohivyo. Atakuonyesha pa kuweka utepe.